Mlango Ulioletwa na Mto

Nyumba njema si mlango. Mmeisikia asubuhi hii kwa fundi, alipomkatalia Shamte habari ya geti la chuma wakati msingi wenyewe haujatoka ardhini, na nyote mkacheka kama mliotekenywa. Sasa mnakuja kuniuliza ilitoka wapi. Haya, wekeni chini hizo ndoo za udongo, msogee karibu maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na asinikate mtu kauli. Maneno hayo yalianza kwa mwanamke mmoja mwenye kijicho, na yalianza namna hii.

Zamani za kaniki, katika bonde la Mto Rufiji, palikuwa na kijiji kikiitwa Kilembwe. Watu wake walilima mpunga na mahindi kwenye udongo ulioletwa na mafuriko, kwa hiyo hawakuuchukia mto. Mto ndio uliowalisha. Lakini mwaka mmoja ulikuja na ghadhabu ambayo hata vikongwe hawakuwahi kuiona, ukazibomoa nyumba zote za udongo, ukachukua mapaa, vyungu, vinu na kuku, ukaenda navyo.

Katika kijiji hicho alikaa Siwatu, mke wa Mtulia. Jirani yake aliitwa Mwajabu. Siwatu alimwonea gere Mwajabu tangu siku walipoletwa kijijini, wote wawili wakiwa biarusi wa msimu mmoja. Mpunga wa Mwajabu ulitangulia kuchanua. Mwajabu akipika, majirani walisema harufu imewafikia. Mwajabu akicheka, watu walicheka naye hata kabla hawajajua kinachochekesha, na Siwatu akiusikia mlio ule aliacha kutwanga, akajiuliza kama anachekwa yeye. Mwajabu alipofiwa na mumewe, Siwatu alilia msibani na kwa kweli alimhurumia. Huruma hiyo ilidumu mpaka matanga yalipoanuliwa. Hapo akakumbuka kwamba mjane kijana anaweza kuolewa na yeyote, na kwamba Mtulia naye ana macho.

Basi mafuriko yalipowasukuma wote juu ya mwinuko wa mchanga, wakakaa kwenye vibanda vya majani wakilitazama bonde lao limegeuka ziwa, Siwatu aliomboleza kama wengine. Lakini nisiwafiche, moyoni alikuwa na kitu kingine. Alimwona Mwajabu ameketi mchangani na kaniki moja iliyolowa, hana chungu, hana kinu, akasema kimoyomoyo, “Haya, leo tumelingana.” Na maneno yale yakampa nafuu. Mnacheka? Mwenye kijicho yuko radhi alale njaa, mradi jirani naye asile.

Sasa sikilizeni lililokuwa kubwa. Siwatu alikuwa na mama yake mzazi, Bi Kanyenga, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa. Siku ya maji Mtulia alimbeba mama mkwe wake mgongoni, maji yakimfika kifuani, na njiani nusura amwachie. Walipofika mwinukoni yule mama alimwita binti yake.

“Mwanangu,” alisema, “safari hii nimeponea mgongoni mwa mtu. Nijengeeni mahali ambapo maji yakija yatanikuta nimekaa, nisibebwe tena. Sina jingine ninalolitaka duniani.”

Siwatu akamshika mkono. “Wallahi, mama, nitakujengea.” Na alikusudia hivyo kwa moyo wake wote.

Maji yalipopungua wazee waliitisha mkutano. Wengine walitaka kijiji kihamie mwinukoni, lakini mwinukoni palikuwa mchanga mtupu, hakuna kisima wala udongo wa kuotesha hata bamia. Wengine wakataka warudi wajenge palepale, vilevile. Mzee mmoja, Mketo, fundi wao wa ujenzi, akasema, “Mto haukutufuata. Sisi ndio tuliojenga katika njia yake.” Neno hilo lilikuwa kweli na halikuwa na dawa.

Ndipo Mwajabu akaomba ruhusa ya kusema. “Wazee wangu, nyumba zetu zote zimeanguka. Lakini dungu la shambani kwangu limesimama. Maji yamepita katikati ya miguu yake, yakaenda zao. Kwa nini tumjengee dungu anayelinda mpunga, na wenye kuula mpunga tuwalaze chini?”

Watu wakacheka kwanza. Dungu, kama hamlijui, ni kile kibanda cha juu ya nguzo wanachokaa watoto wanaoamia ndege. Kuhamia dunguni na mkeka wako na watoto wako ilikuwa aibu, mtoto mtundu ndiye aliyeambiwa, “Nenda kalale dunguni!” Lakini Mketo hakucheka. Alikwenda kulitazama dungu lenyewe, akalitikisa, akapanda, akarukaruka juu yake na uzee wake wote, akateremka akasema, “Anayetaka kucheka na acheke akiwa mkavu.”

Wakaanza kujenga kwa ujima, na nyumba ya kwanza ikawa ya Mwajabu kwa kuwa wazo lilikuwa lake. Nguzo za mti mgumu zikazamishwa ndani sana. Miti iliyookotwa kwenye magofu ikatumika tena, na ya kukata msituni ikakatwa ile iliyopungua tu, visiki vikaachwa vichipue. Sakafu ikawa ya fito zilizobanana, kuta za mikeka minene, na jiko la udongo likafinyangwa juu huko huko. Chini ya nyumba akafunga mtumbwi wake. Mlangoni akatundika mkeka wa ukindu, basi.

Jioni hiyo Mtulia alirudi kutoka kwenye ujima akiwa amechoka na amefurahi. “Nyumba ya Mwajabu ina akili,” alimwambia mkewe. “Upepo unapita chini, upepo unapita ndani. Nimekwisha chagua miti yetu. Tujenge vile vile, mama apumzike.”

Siwatu hakusikia habari ya upepo wala ya miti. Alisikia jina. Akausogeza ugali kando. Mwanamume, alijiambia, huanza kwa kusifu nyumba. Kesho atamsifu mwenye nyumba.

Hawajaanza hata kuchimba mashimo ya nguzo, mlango ukaonekana. Wanawake walikuwa wametawanyika kwenye matope ya kando ya mto, wakitafuta vyungu na mawe ya kusagia. Mwajabu akapaza sauti, “Hebu tazameni kule!” Kumbe kwenye fungu la mchanga palikuwa pamelala mlango mzima pamoja na miimo yake, mlango wa tajiri wa mbali huko, umechongwa maua na minyororo kutoka juu mpaka chini, na vichwa vya misumari ya shaba vinang'aa kwenye matope. Kilembwe hakikuwahi kuona kitu kama kile.

“Mbao hizo!” alisema Mwajabu. “Ukilazwa, ni sakafu nzima ya mtu kulalia.”

Desturi yao ilikuwa moja: kilicholetwa na mto ni cha aliyekifunga kwanza. Siwatu hakungoja kusikia zaidi. Alikimbia kwenye matope yaliyomfika mapajani, akaanguka, akainuka, akafika anahema, akararua pindo la kaniki yake kwa meno na kulifunga kwenye shaba. “Wangu!” alipiga ukelele. “Nimeufunga! Ninyi nyote mashahidi!”

Mwajabu alikuwa hata hajaondoka pale aliposimama. “Hongera, shoga,” alisema akicheka. “Chukua. Mimi sina ukuta wa kuubeba.”

Hilo ndilo lililomuuma Siwatu kuliko yote. Mwajabu angeupigania mlango, raha ya Siwatu ingekamilika. Ameachiwa tu, kama mtoto anavyoachiwa bua la muwa.

Mlango ukabebwa na wanaume mpaka kiwanjani kwao. Mketo akauzunguka, akaugonga kwa kidole. “Mzuri,” alisema, “lakini dungu haliubebi. Huu unataka ukuta mnene wa udongo, na ukuta mnene unataka kukaa chini.”

“Basi tuuache,” alisema Mtulia.

“Tuuache auchukue nani?” Siwatu alimgeukia. “Wewe sema tu. Tumpelekee nani?”

“Siwatu, mto huu...”

“Tutajenga mnene! Mafuriko kama yale hayaji mara mbili katika umri wa mtu, wazee wenyewe wamesema. Au unataka tukae dunguni kama wale, tupande ngazi kama nyani?”

Bi Kanyenga alikuwa amekaa kivulini, anasikia yote. “Mwanangu,” alisema polepole, “udongo hata ukiwa mnene ni udongo.”

“Mama, niachie mimi,” Siwatu alijibu, na hakumtazama usoni.

Mtulia alikuwa mtu wa kukwepa ugomvi, na watu wa namna hiyo huleta balaa nyumbani bila kukusudia. Alishika jembe akaanza kukanyaga udongo. Wanakijiji wakaja kwa ujima kama desturi, wakajenga walichoambiwa. Miimo ikazikwa chini sana ili ihimili uzito, kuta zikapandishwa kuuzunguka mlango, na nyumba ikawa tayari. Kijiji kizima kiko juu ya nguzo, Siwatu peke yake yuko chini.

Jamani, alifurahi! Wapita njia walisimama. Wageni kutoka ng'ambo walidhani ni nyumba ya jumbe, wakavua vilemba. Siwatu alikaa kibarazani akijifanya anachambua mchele, na kila mtu aliposifu, yeye alimwangalia kwanza Mwajabu kule juu, kuona kama amesikia. Mwajabu alikuja na chungu kipya cha kumpongeza, kama ilivyo ada ya nyumba mpya. Siwatu akakipokea nje, akashukuru kwa nusu mdomo, hakumkaribisha ndani. Wala yeye hakuwahi kukanyaga nyumbani kwa Mwajabu. Aliitwa mara kadhaa, akasingizia kichwa, na kwa wapita njia mkeka wa mlangoni kwa Mwajabu aliuita pazia la choo, mwenyewe asisikie.

Kitu kimoja tu kilimtatiza. Ule mlango ukifunguliwa, nakshi zote zilielekea ukutani, asizione mtu. Kwa hiyo akawa anaufunga mchana kutwa. Ndani giza, ndani joto, ukuta mnene haujakauka vizuri na unanuka unyevu. Bi Kanyenga alilala kitandani humo akikohoa.

“Siwatu, nifungulie mwanangu, nakosa pumzi.”

“Subiri kidogo, mama. Kuna watu wanapita.”

Akirudi Mtulia kutoka shambani mlango ulifunguliwa, akiondoka ulifungwa. Yule mama akaacha kuomba. Siwatu aliuona ule ukimya, na msiseme hakuuona. Lakini kila alipotaka kuuacha mlango wazi alisikia kicheko kutoka juu ya nguzo zile, naye akaurudisha.

Masika ya pili yakaja. Siku yenyewe jua lilikuwa linawaka, hakuna hata wingu, maana mvua ilikuwa imenyesha mbali bara, na mto ukaileta Kilembwe bila hodi. Mtulia alikuwa ng'ambo kukata ukindu. Siwatu alikuwa shambani anapalilia. Akasikia watu wanapiga kelele, “Maji! Pandeni! Maji!” Akageuka, akaona kijito kinakuja baina ya mistari ya mpunga, na nyuma yake kingine, kisha akaona hakuna tena vijito, ni maji tu.

Alikimbia. Alipofika nyumbani yalikuwa yamemfika kiunoni. Akasukuma mlango, ukagoma. Mbao zilikuwa zimevimba, na ukuta wa juu, uliokwisha lowa, ulikuwa umeukalia. Akasukuma kwa bega. Akapiga mateke ndani ya maji. Maua na minyororo ile yote haikutikisika.

“Mama!”

“Nipo,” sauti ilijibu kutoka ndani. “Kitanda kinaelea. Fungua.”

“Haufunguki, mama! Umevimba!”

Hapo mtumbwi ukaja kwa kasi, na Mwajabu ndani yake, upondo mkononi na jembe miguuni. “Siwatu! Achana na mlango! Ukuta wa ubavuni umelainika, tuubomoe!”

Sasa ninachowaambia ni kigumu kukiamini, lakini ndicho kilichotokea. Siwatu aliacha mlango, akaenda akasimama mbele ya ukuta, akatanua mikono.

“Usiuguse! Ukuta ukienda, mlango utashika wapi? Umeisubiri siku hii, Mwajabu! Umekaa huko juu ukiisubiri, uje uibomoe nyumba yangu kwa mkono wako!”

Mwajabu alisimama na jembe juu, maji yanausukuma mtumbwi. Uso ulimbadilika kama mtu aliyepigwa kofi, maana miaka yote ile hakuwa amejua. Alidhani jirani yake ni mtu mkavu tu, ndivyo alivyoumbwa.

“Siwatu,” alisema, “mama yako yumo ndani. Mtoe kwanza, kisha unitukane mpaka uchoke.”

Na kutoka ndani wakasikia kikohozi cha mtu aliyemeza maji. “Mnagombania nini huko nje?” aliuliza Bi Kanyenga. “Kitanda kimepinduka, maji yamenifika kifuani.”

Siwatu akamnyang'anya Mwajabu jembe. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga pigo la kwanza, akapiga la pili, akatupa jembe akachimba kwa kucha, akilia kwa sauti, “Mama, mama, mama.” Mwajabu akaruka majini akachimba naye. Udongo uliokandikwa kwa fahari ulitoka kwa mafungu kama uji uliopoa. Tundu lilipotosha mtu kupita, Siwatu akajipenyeza, akamkuta mama yake ameng'ang'ania nguzo ya katikati ya nyumba, maji yanamcheza kidevuni. Akamvuta, akamweka mgongoni, akatoka naye.

Walipomlaza mtumbwini yule mama alifumba macho, akasema neno moja tu. “Nimebebwa tena.”

Hakulisema kwa ukali. Afadhali angelisema kwa ukali. Siwatu alishika ukingo wa mtumbwi, akawa anausukuma akitembea majini, kichwa chini, mpaka chini ya nyumba ya Mwajabu. Mwajabu akamwinua Bi Kanyenga, akapanda naye ngazi, mkeka wa ukindu ukafunguka ukawameza, ukajifunga nyuma yao. Siwatu alibaki kwenye ngazi.

Nyuma yake akasikia kishindo. Akageuka. Kuta zake zilikuwa zinaketi chini moja baada ya moja. Paa likaelea, likazunguka, likachukuliwa. Mwishowe hapakuwa na nyumba tena, bali mlango umesimama peke yake kwenye miimo yake katikati ya maji, umefungwa barabara, shaba zinametameta juani, na mto unapita kulia na kushoto kwake. Kutoka kwenye dungu la jirani mmoja, mtu asiye na huruma akapaza sauti, “Hodi kwa Siwatu!” Wengine wakacheka, kwa hofu na kwa ubaya, vyote pamoja.

Siwatu akaweka paji la uso kwenye ngazi. Maji yalikuwa yanapanda, naye hapandi.

“Panda, shoga,” aliita Mwajabu kutoka ndani. “Maji hayangoji.”

“Nitaingiaje humo?” alijibu. “Mkeka huu nimeuita pazia la choo, mbele za watu. Nimekuita mtu wa dunguni. Leo nimekutukana na mama yangu anazama. Mlango wangu ule pale, watu wanaupigia hodi. Huu wako nitaushika kwa mkono gani?”

Maji yalilia baina ya nguzo. Kisha yule mama mwenyewe, aliyetolewa kwenye tundu la ukuta na bado anatetemeka, akajibu kutoka kando ya moto.

“Siwatu, nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.”

Akapanda. Akausogeza mkeka kwa mkono wenye matope, akaingia kwa mara ya kwanza. Sakafu ilikuwa kavu. Upepo ulikuwa unapita kama Mtulia alivyosema. Magunia ya mpunga yamepangwa, jiko linawaka, na mama yake amekaa amefunikwa kaniki ya Mwajabu, anavuta pumzi bila kukohoa. Kitu cha kwanza alichokihisi Siwatu, nisiwadanganye, kilikuwa gere. Halafu akaanguka miguuni pa mama yake akalia mpaka sauti ikamkauka, na Mwajabu akamwachia alie, akaenda kutia maji kwenye chungu cha uji.

Kwa watu wa Kilembwe maneno ya yule mama yakawa msemo, yakavuka mto, yakafika huku kwetu. Fundi wenu amewapa kipande tu, maana ana haraka ya msingi wake. Lakini Bi Kanyenga aliyasema mazima, na aliyasema kwa mtu aliyesimama majini akiona haya kuingia: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.